Waliotemea Kichupa

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajavua koti la mvua, Ledina Mwambungu alimkuta mwanamke amesimama mlangoni mwa ofisi yake, amemshika mtoto mkono. Mwanamke hakuamkia. Alimkabidhi barua tu.

"Isome mwenyewe, mama. Mimi nimeisoma mpaka nimechoka."

Barua ilitoka Mamlaka ya Vipaji. Subilaga Mwaisaka, msichana, miaka saba. Kadirio la Uwezo: thelathini na moja. Mkondo: Stadi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Uamuzi huu hauna rufaa, kwa kuwa hautokani na maoni ya mtu yeyote.

Ledina alijua maana yake. Shule za Mkondo wa Maarifa zilimfikisha mtoto kidato cha sita. Za Stadi zilimfundisha kusoma, kuhesabu na kazi za mikono, na akitimiza miaka kumi na mitatu alipangiwa karakana au shamba la chai. Watu wa bonde la Lusungo hawakuyatumia majina hayo ya serikali. Walisema tu fulani kapata kalamu, fulani kapata jembe.

"Pole sana," alisema. "Lakini hapa ni ofisi ya utafiti. Makadirio yanatoka Mamlaka."

"Hunikumbuki."

Ledina akamtazama vizuri. Uso mpana, kovu dogo juu ya nyusi. Hakumkumbuka.

"Tumwitike, wa ng'ambo ya Mto Lwifwa. Ulikuja kwetu umevaa buti za bluu, mto umefurika, baba yangu akakuvusha mgongoni. Nilikuwa na miaka minane. Ukanipa kichupa, ukaniambia, temea mate mpaka yafike kwenye mstari. Nikakuuliza ya nini. Ukasema, tunataka kujua kwa nini watoto wengine wanamaliza shule na wengine hawamalizi, ili siku moja wote wamalize."

Hapo Ledina akakumbuka. Aliukumbuka mgongo wa yule mzee, maji yakimpiga kifuani, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa anapiga kelele huku ameinua sanduku la vichupa juu ya kichwa.

"Nilisema hivyo," alijibu.

"Basi wamechukua mate yangu wakamnyima nayo mwanangu shule." Sauti ya Tumwitike haikupanda. "Sikwambii kwamba ana akili kupita wenzake, mama. Huyu hata mlango wa banda la kuku anasahau kuufunga. Lakini ana miaka saba! Nani anajua mtu wa miaka saba ni nani?"

Subilaga, aliposikia habari za kuku, aliangalia chini.

Ledina aliwavutia viti. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba za bonde hilo. Utafiti wenyewe uliitwa Rika. Watu elfu nne mia moja na kumi na wawili walifuatiliwa tangu utoto wao: walikula nini, walitembea umbali gani kwenda darasani, nani aliwasomea vitabu, nani alifiwa na mama. Mate yaliongezwa baadaye, ili wataalamu watenganishe yaliyotokana na malezi na yaliyotokana na kuzaliwa. Mashine ilisoma vinasaba vya kila mtu, ikapata tofauti ndogondogo mamilioni. Hakuna hata moja ambayo peke yake ilimfanya mtu amalize shule. Lakini zikijumlishwa zote, kila moja na uzito wake mdogo kama chembe ya unga, zilitoa namba moja. Na namba hiyo, ukiwatazama watu kwa maelfu, ilifuatana kidogo na miaka waliyosoma.

Kwa watafiti ilikuwa chombo cha kusafishia hesabu tu. Kisha ikaja Mamlaka, ikaona mizani ya kumpimia mtoto: kila mtoto wa miaka saba akatemeshwa kichupa chake, na mashine iliyofunzwa kwa mate ya Rika ikampa namba.

"Njoo nikuonyeshe kitu," Ledina alisema.

Aliwasha ramani juu ya meza. Bonde likajitokeza, na mto ukilikata katikati. Alama za kijani zilikuwa watu wa makadirio ya juu, za njano wa makadirio ya chini. Upande wa mashariki, kando ya barabara ya zamani ya misheni, kijani kilijaa. Upande wa magharibi wa mto ulikuwa njano tupu.

Tumwitike aliinama. "Huku ni kwetu."

"Huku ni kwenu. Daraja lenu lina miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Kabla ya hapo, nani wa kwenu alimaliza shule?"

"Nani angemaliza? Masika tulikuwa hatuvuki."

"Sasa sikia. Watu wa kando ya barabara wameoana wao kwa wao miaka mia moja na zaidi. Wanafanana vinasaba, kama mnavyofanana ninyi wa ng'ambo. Wao walisoma kwa sababu shule ilikuwa mlangoni. Mashine haijui barabara, haijui daraja. Iliona waliosoma wana vinasaba hivi, wasiosoma wana vile, ikadhani imepata akili. Nikichukua ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, nyumba moja, namba hiyo inakaribia kuwa bure. Haijui yupi atamaliza. Ila inajua vizuri sana mtu amezaliwa ng'ambo ipi."

Tumwitike aliuliza, taratibu, "Umelijua hilo tangu lini?"

"Miaka minne. Niliandika ripoti."

"Ripoti," Tumwitike alisema, akasimama. "Twende, Subi."

*

Kesho yake alikuja Hezron Mwakajila. Ledina ndiye aliyemfundisha kazi, alipofika Rika kijana wa chuo mwenye viatu vya kupasuka. Sasa alikuwa mkurugenzi wa makadirio katika Mamlaka, na viatu vyake viling'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na mvua."

Aliketi, akakubali chai, akaulizia magoti ya Ledina na wanawe. Ndipo akatoa bahasha. Ilikuwa amri ya kukabidhi majina.

Vinasaba vyenyewe Mamlaka ilikuwa navyo zamani, lakini kwa namba, bila majina. Majina yalikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kijisanduku cha chuma kilichokuwa nyuma ya kiti cha Ledina, kisichounganishwa na mtandao wowote. Kilifunguka kwa kiganja chake, tena kikiwa na uhai. Waliokitengeneza walifikiria hata hilo.

"Ijumaa, saa kumi jioni," Hezron alisema. "Nimekuja mwenyewe ili usije ukaletewa na askari."

"Mnayataka ya nini?"

"Mama, ile ripoti yako niliisoma. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Uko sahihi: kadirio linasoma barabara. Lakini sina namna ya kulisahihisha bila kujua nani ni ndugu wa nani, nani ni mtoto wa nani. Nipe majina, nitaiondoa barabara kwenye hesabu. Watoto wa ng'ambo hawataonewa tena. Hicho si ndicho ulichokitaka?"

Ledina aliona kwamba hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomsumbua. Kama angekuwa mwongo, kazi ingekuwa nyepesi.

"Na ukishaiondoa barabara," aliuliza, "kitakachobaki utakifanyia nini?"

"Tutapanga kwa haki."

"Mtapanga."

"Shule za Maarifa hazitoshi, mama. Lazima wengine wapate, wengine wakose. Ni afadhali wapangwe kwa kipimo kuliko kwa mjomba wa mtu."

"Kama hazitoshi, si mjenge."

Hezron akacheka kidogo, kwa huzuni. "Mimi ni mtu wa takwimu."

"Nami nilikuwa mtu wa kubisha hodi," Ledina alijibu. "Nikiingia nyumbani kwa mtu niliahidi mambo mawili. Jina lako halitoki. Na mate yako hayatakudhuru. La pili limeshavunjika, na nililiona likivunjika nikaandika ripoti. La kwanza sikupi."

"Ni amri, mama."

"Nimeiona. Kunywa chai yako, inapoa."

*

Jioni hiyo Ledina alipanda pikipiki ya umeme hadi kituo cha kupokelea majani ya chai, ng'ambo ya mto, alikofanya kazi Tumwitike. Alimkuta anapima makapu ya mwisho, wachumaji wamejipanga. Hakungoja aitwe pembeni.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Na nimekuja na hiki."

Alimpa karatasi ya zamani, fomu ya ridhaa ambayo baba yake Tumwitike aliitia dole gumba. Kipengele cha tisa kilisema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Sheria iliyokuja baadaye ilikitia kipengele hicho meno: mtu akijitoa, vinasaba vyake hufutwa kila vilipo, na kipimo chochote kilichojifunza kutoka kwake hakina budi kujifunza upya bila yeye. Na washiriki wakipungua chini ya elfu tatu, utafiti hufungwa, majina hufutwa, na kipimo chochote kilichozaliwa nao hakiruhusiwi kumgusa mtu tena.

Tumwitike alipiga hesabu haraka, kama alivyozoea kwenye mizani. "Elfu moja mia moja na kumi na watatu."

"Kabla ya Ijumaa saa kumi. Hapo Mamlaka inakuja kuchukua majina."

"Si uwapigie simu? Majina unayo."

"Siwezi. Majina nilipewa kwa ajili ya utafiti tu. Nikiyatumia kuita watu mkutanoni, nitakuwa sina tofauti na Mamlaka. Lazima waje wenyewe, kwa miguu yao. Kila mmoja aweke kidole, aseme najitoa. Mimi nitafungua mlango, basi."

Tumwitike alimtazama kwa jicho ambalo halikuwa na msamaha bado. Kisha akapanda juu ya mizani, akapiga makofi.

"Jamani! Nani hapa alitemea kichupa?"

Mkono mmoja ukainuka. Halafu mwingine. Halafu mwanamume mmoja akasema, "Mimi na mke wangu, na shemeji zangu wote wanne," na watu wakaanza kuzungumza kwa pamoja.

*

Jumatano walijitoa mia moja themanini na saba. Walikuja wametota, wakijipangusa miguu mlangoni kwa adabu, kana kwamba wamekuja kuomba kitu. Alhamisi hawakujipangusa tena. Mstari ulitoka ofisini, ukapita ghala la mbolea, ukafika barabarani. Habari ilikuwa imepita kwenye misiba, kwaya na vikundi vya simu, na waliohamia mijini walikuja kwa treni ya mlima. Hadi jioni jumla yao ilikuwa mia sita na kumi na mmoja.

Mama Yusta Mwaipopo alikuja Alhamisi mchana, lakini hakujipanga. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Lusungo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono iliyoungua mara nyingi. Alipita kando ya mstari hadi kwenye meza.

"Mimi nimo kwenye Rika," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "na sijitoi."

"Hulazimishwi, Mama Yusta."

"Sijamaliza. Uji wa asubuhi wa watoto ulitoka wapi? Si humu humu? Ninyi mlionyesha kwamba mtoto aliyekunywa uji alikaa shule miaka miwili zaidi, hata akiwa na vinasaba sawasawa na asiyekunywa. Mliipelekea serikali, ikashindwa kubisha. Kila mwaka anakuja bwana mmoja na suti, anasema uji unapoteza wakati, na kila mwaka tunamfunga mdomo kwa Rika. Mkiufuta, mwakani nitamwonyesha nini? Mwiko?"

Kijana mmoja kwenye mstari alisema, "Mama, watoto wetu wanapewa jembe."

"Najua! Wa dada yangu amepewa jembe!" Yusta aligeuka kwa Ledina. "Lakini mnachoma nyumba ili kumuua panya. Nijibu, Ledina. Wewe ni msomi."

Ledina alikuwa amelitafuta jibu usiku na mchana tangu Jumanne. Kila alichokijua kuhusu bonde hilo kilikuwa ndani ya utafiti ule. Ujana wake wote ulikuwa humo.

"Uko sahihi," alisema. "Tutaupoteza uji kwenye karatasi, na tutapata tabu kuutetea. Ninachojua ni kwamba mate haya niliyaomba kwa neno langu, na neno langu limegeuzwa fimbo. Siwezi kuendelea kuishika fimbo eti kwa sababu upande wa pili wake ni mwiko."

Yusta alimkazia macho. Kisha akavuta benchi, akaketi pale pale kando ya meza, mikono imefungwa kifuani, na hakuondoka hadi ofisi ilipofungwa. Ijumaa alirudi tena, akaketi.

*

Ijumaa saa nane mchana walifika elfu moja na nne. Hezron aliingia saa tisa na nusu, na askari mmoja mpole aliyekaa nje akitazama mvua. Wakati huo idadi ilikuwa elfu moja na tisini na saba, na mstari ulikuwa umekwisha.

Walibaki wanne chumbani: Ledina, Tumwitike, Yusta na Hezron. Saa ya ukutani ilisikika.

"Bado kumi na sita," Hezron alisema, akisoma skrini. "Mama, pumzika. Umejaribu."

"Wewe nawe umo," Tumwitike alimwambia ghafla. "Wa barabarani. Ulitemea kichupa kama mimi."

"Nimo. Kadirio langu ni tisini na mbili." Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayetaja kijiji chake. "Baba alikuwa fundi viatu, akafa nikiwa darasa la nne. Mwalimu mmoja alinichukua nyumbani kwake. Siku zote nimejiambia ilikuwa ile tisini na mbili."

"Ilikuwa yule mwalimu," Ledina alisema.

Hezron hakuweka kidole. Alikwenda dirishani, akasimama na mgongo wake kwao.

Saa kumi kasoro robo lori la chai liliingia uani likiteleza kwenye tope. Lilikuwa limeshuka kutoka mashamba ya juu, na daraja lilikuwa limewachelewesha. Wachumaji wakaruka chini na makapu yao mgongoni. Tumwitike alitoka akikimbia mvuani, akiwavuta kwa mikono. Mmoja. Watano. Kidole, jina, najitoa. Kidole, jina, najitoa. Wa kumi na mbili alikuwa na kidole kilichokatwa na mkasi wa chai, mashine ikamkataa, Ledina akaenda kwenye kidole kingine. Wa kumi na sita alikuwa mwanamume mrefu asiyejulikana na mtu yeyote pale, aliyesema jina lake, akaweka kidole, na akauliza choo kiko wapi.

Saa kumi kasoro dakika nne, sanduku lilitoa mlio mfupi. Kwenye skrini: Washiriki 2,999. Utafiti umefungwa. Mtunza majina athibitishe ufutaji.

Ledina aliinua kiganja. Hapo Yusta akasimama.

"Na langu?"

"Lako pia."

"Mimi sikujitoa. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Ledina alisema, na macho yake yakajaa. "Kuna watu karibu elfu tatu sijawauliza. Nitalibeba hilo, Mama Yusta. Si dogo."

Akaweka kiganja juu ya chuma. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Majina yote yakaondoka, ya barabarani na ya ng'ambo, ya washiriki na ya wazazi wao, na la mzee aliyemvusha mtoni likaondoka pia.

Hezron aligeuka. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyefiwa. "Umeua kazi yetu," alisema.

"Nimeiua."

"Tutaanzisha nyingine. Vichupa vipya, watu wapya. Unalijua hilo."

"Mje," Ledina alimjibu. "Mje mchana, mbishe hodi, mseme ukweli mnachokitaka. Halafu msubiri mlangoni watu wajadiliane."

Askari mpole aliingia kuuliza kama kuna kitu cha kubeba. Hezron alimwambia hakuna.

*

Ledina alisimamishwa kazi Jumatatu iliyofuata, na mwezi wa kumi na mbili akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akavuliwa cheo cha mtunza majina. Walimuuliza kama anajuta. Alisema anajuta mambo mengi, akaanza kuyataja, na mwenyekiti akamkatiza kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa kwenye hati ya mashtaka.

Mamlaka iliacha kutumia makadirio katika mkoa mzima, kama sheria ilivyotaka, lakini haikutoa agizo jingine. Siku shule zilipofunguliwa, mwezi wa kwanza, mwalimu mkuu wa Shule ya Maarifa ya Lusungo alisimama getini na mwavuli, mbele ya wazazi zaidi ya mia mbili.

"Jamani, sina maelekezo," alisema. "Kadirio limefutwa, lakini sijaambiwa nipokee nani. Rudini nyumbani, msubiri waraka."

"Tusubiri mpaka lini?" Tumwitike aliuliza.

"Sijui, mama."

"Basi tutasubiria ndani."

Akampita. Hakumsukuma, alimzunguka tu, kama mtu anavyozunguka dimbwi, akiwa na Subilaga mkononi. Mwanamume nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Halafu wote, wa barabarani na wa ng'ambo, wenye barua za kalamu na za jembe, viatu vimejaa matope. Mama Yusta alikuwa miongoni mwao, amemshika mtoto wa dada yake. Alipofika usawa wa Ledina, aliyekuwa amesimama kando ya uzio, alisimama kidogo. Hakumwamkia. Lakini alimkabidhi mfuko wa unga wa uji uliokuwa begani mwake, akasema, "Nishikie, mzito," na Ledina akaupokea, akaingia naye.

Madarasa yalijaa hadi sakafuni. Walimu walikuja mmoja mmoja, wakachungulia, wakaenda kuulizana ofisini. Hatimaye mwalimu mmoja kijana, aliyeripoti kazini siku hiyo hiyo, aliingia darasa la kwanza, akafungua daftari jipya la mahudhurio, akamtazama msichana aliyekaa karibu naye zaidi.

"Unaitwa nani?"

"Subilaga."

"Unajua kuandika jina lako?"

"Sijui."

"Vizuri," mwalimu alisema, akachukua chaki. "Tuanzie hapo."